Bahari Iko Kushoto: Dar hadi Msimbati kwa Mwendo wa Hamsini

Ukitazama ramani, barabara ya kusini imebandikwa ukingoni kabisa mwa bahari. Ukiiendesha, ni habari nyingine. Kutoka Mbagala hadi Nangurukuru utaona mikorosho, mihogo, vijana wa machungwa na trafiki wenye matochi yao. Bahari utaambiwa tu kwamba iko huko kushoto. Ndiyo maana watu wengi wanaopanda basi la Mtwara wanafika bila kuionja pwani waliyoipitia. Basi linaondoka alfajiri, jioni wameshuka, wanachosimulia ni joto na video za kwenye basi. Mimi na mume wangu tulikubaliana mapema: hatuna haraka, na kila penye njia nzuri ya kushoto, tunakata kushoto.

Tulikwenda Oktoba. Kusi limechoka, kaskazi bado, bahari iko kwenye maleleji, utulivu wa kati ya pepo hizo mbili, na korosho ndiyo zinaanza kuanguka. Asikudanganye mtu kwenda wakati wa masika. Mei 2024 mvua kubwa na Kimbunga Hidaya viliikata barabara hii upande wa Kilwa, na Lindi na Mtwara zikabaki kama hazina njia ya kwenda Dar.

Nieleze kidogo kuhusu dereva. Baba watoto anaendesha hamsini. Si hamsini ya kibao cha kijijini tu, hamsini ya kila mahali. Tangu astaafu anasema hakuna mtu anayemsubiri popote, basi kwa nini apigwe tochi? Malori yalitupita, mabasi yakatupita kwa honi ndefu, na kuna bodaboda mmoja wa Kibiti mwenye magunia mawili ya mkaa alitupita huku akitupungia mkono.

Darajani Rufiji alisimamisha gari ng'ambo ili aangalie mto. Daraja la Mkapa lina urefu wa mita 970 na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka kwa pantoni. Yeye alivuka hapo akiwa kijana wa kazi. "Mama watoto, hapa tulilala," akaniambia, na nikajua tutakaa. Pantoni ikiharibika, foleni ya magari inakuwa kijiji: wanawake wanaleta wali na kambale, mbu wanaleta malaria. Na ukishavuka, kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kilikuwa mchanga na tope, kikabaki hivyo miaka mingi hata baada ya daraja. Sasa ni lami, na vijana wanaopita pale na simu masikioni hawana habari.

Deltani hatukuingia; kunataka boti na siku nzima. Ila mzee wangu hawezi kupita Rufiji bila kuitaja manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikoko ile hadi Waingereza wakaipiga Julai 1915. Wajerumani wakaing'oa mizinga yake, wakaiburuta nchi kavu na kuendelea kupigana nayo. Nimeisikia hadithi hii mara nyingi kuliko khutba.

Somanga ndiko bahari inakusogelea kwa mara ya kwanza, iko nyuma ya nyumba tu. Hata kabla hujaiona, unainusa kwenye karai. Wauza samaki wamepanga meza zao kando ya lami: changu, tasi, vibua, pweza wa kukaanga aliyekatwa vipande vinene. Dada mmoja alikuwa na utaratibu wake. Samaki aliyekwisha kaangwa mara moja asubuhi anamrudisha kwenye mafuta ya moto kwa muda mfupi tu mteja anapokuja, anamgeuza kwa kijiti, anamnyanyua kwa mkia, anamkung'uta mara mbili ukingoni mwa karai, kisha anamfinyia ndimu na kumrushia pilipili ya kusaga. Gazeti, si sahani. Baba watoto alijifanya anataka mmoja tu.

Pale Nangurukuru magari yote yanayokwenda Mtwara yananyoosha. Sisi tukakata kushoto kwenda Kilwa Masoko, na hapo tulikaa.

Kuna watu waliozaliwa Tanzania, wamefika Dubai, hawajafika Kilwa Kisiwani. Unachukua kibali Masoko, unatafutiwa mtembezaji, unashuka bandarini na kuvuka mkono wa bahari ambao hata kwa mashua si safari ndefu. Ngome inayokukabili ukifika ndiyo Gereza. Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1505 baada ya kuuteka mji, hawakudumu. Hili la sasa kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Oman karne kadhaa baadaye. Kijana aliyetutembeza, mwenyeji wa kisiwani, alitupa shikamoo na kutuambia tusipoteze nguvu hapo. "Hili ni la juzi, baba. Twendeni kwenye mambo."

Mambo yenyewe ni Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kale ni ya tangu karne ya 11 au ya 12, na upanuzi wenye nguzo na kuba ulikuja baadaye, wakati Kilwa ilipokuwa imenenepa kwa dhahabu iliyotoka Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo. Vyote ni mawe ya matumbawe na chokaa. Nilisimama chini ya kuba moja nikapeleka kiganja ukutani: matumbawe bado yana vitundu vyake na alama za maisha ya chini ya maji, na juu yake lipu ya chokaa imelainishwa vizuri kuliko ya sebuleni kwangu, ambayo fundi wake nilimlipa na bado inapukutika. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331 na akausifu mji huu kwa uzuri wake. Sultani aliyemkuta ni al-Hasan bin Sulaiman, na nyumba ya sultani huyo ndiyo Husuni Kubwa, juu ya jabali, mwendo wa mguu kutoka msikitini ukipita kwenye mashamba na mibuyu.

Huko Husuni kuna bwawa la kuogea la pembe nane. Limekauka, lina majani makavu na mijusi, lakini pembe zake bado zimenyooka na upande mmoja unatazama bahari. Vyumba ni zaidi ya mia. Mume wangu alikaa kwenye ukingo wa bwawa akavua viatu. Kijana akatuambia kwamba Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe za shaba, na kwamba mwaka 1944 askari mmoja aliokota kadhaa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje, wataalamu bado wanabishana. Baba watoto alikwisha amua: "Mabaharia wetu hao." Nilimwambia athibitishe, akavaa viatu.

Kinachonipendeza kisiwani ni kwamba si makumbusho. Watu wanaishi humo, mbuzi wanapumzika kwenye kivuli cha urithi wa dunia ulioandikwa UNESCO mwaka 1981, na wanawake wanapita na ndoo kichwani wakikusalimu. Nina neno moja tu kwa wanaohusika: alama za maelezo ni chache mno. Usipompata mtembezaji anayejua, utarudi umeona kuta.

Kilwa Kivinje ni njia nyingine ya kushoto, na karibu tuiache. Tungekosa. Ni mji wa biashara ya watumwa na pembe za ndovu uliotajirika karne ya 19, ukawa makao ya Wajerumani, kisha shughuli zikahamia Masoko na wenyewe ukabaki umekaa. Boma la Wajerumani linakabili bahari halina paa. Nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zina milango ya nakshi inayofungwa kwa kufuli za dukani. Ufukweni kuna soko la samaki lenye kelele zake za kawaida. Na kuna mahali panaitwa Mwembe Kinyonga. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, walimnyonga Kilwa mwaka 1895, na wenyeji wanamtaja kama mtu wa mtaani kwao. Mzee mmoja kwenye baraza alitusimulia kisa kizima huku akicheza bao, na hakukosea hesabu ya kete zake hata mara moja.

Kutoka Nangurukuru barabara inarudi tena porini, kilomita na kilomita za miombo na mashamba ya ufuta yaliyokwisha vunwa. Nililala.

Nilipoamshwa tulikuwa tumeshapita Mchinga. Hapo ndipo bahari inaacha kujificha: barabara inateremka kuelekea Lindi, ghuba imefunguka mbele yako yote, mashua zimetulia, na ng'ambo ni Kitunda yenye minazi. Lindi ni mji unaojua kukaa. Jioni watu wanashuka ufukweni kupunga upepo bila sababu nyingine. Tulinunua ming'oko ya kuchemsha kwa mama mmoja, mizizi ya porini ambayo watu wa Dar hawaijui na watu wa kusini wakiwa Dar wanaililia. Ladha yake iko kati ya kiazi na udongo uliolowa mvua. Mimi niliipenda, baba watoto alikula mmoja kwa adabu, akasema ameshiba.

Ni katika bandari hii ndipo mifupa ya Tendaguru ilipopakiwa melini. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walifukua mabaki ya dinosaria katika kilima hicho, ndani ya mkoa huu, na wapagazi wakayabeba kwa miguu hadi Lindi, siku kadhaa kila safari, mzigo kichwani. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Waliombeba mjini hawana hata sanamu.

Baada ya Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi, tulisimama kwa akina mama wanaochoma korosho. Watu wengi wanaipenda korosho, wachache wameiona ikitoka. Debe bapa lenye matundu linawekwa motoni na korosho na maganda yake. Mafuta ya ganda yanatoka, yanalia, halafu ghafla yanawaka moto mrefu na moshi mweusi unaokereketa koo. Mama analikung'uta debe kwa fimbo ndefu akiwa amegeuza uso, analipindua, anamwaga mchanga kuzima moto. Kisha kila ganda linagongwa kwa jiwe, moja moja, mikono imepakwa majivu maana mafuta yale yanababua ngozi. Nilimuuliza bei, akaitaja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikupunguziwa kwa sababu sikuomba.

Mikindani tulipita asubuhi, na ni mji wa asubuhi: vichochoro, roshani za mbao, maji ya ghuba yamelala. Boma lake la mwaka 1895 limekarabatiwa na kufanywa hoteli. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mtwara yenyewe sitaisema sana, ni mji wa barabara pana uliochorwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Karanga zikashindwa, reli ya Nachingwea ikang'olewa, bandari ya kina kirefu ikabaki, nayo sasa inapakia korosho.

Mwisho wa njia zote za kushoto ni Msimbati. Unapita Madimba, kwenye mitambo ya gesi inayokwenda Dar kwa bomba tangu mwaka 2015, halafu lami inakwisha, unaingia mchangani chini ya minazi. Hapa ni eneo la hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, kwa hiyo kuna kiingilio. Mchanga mweupe unakwenda hadi Ruvula, na mvuvi mmoja aliyekuwa akishona jarife alituonyesha kwa kidevu upande wa kusini: mdomo wa Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Akasema maji yakijaa ufukwe unapungua sana, tuvute gari juu. Tukavuta. Tukaoga hadi vidole vikajikunja, na chakula cha mchana kikawa changu wa kuchoma na ugali wa muhogo.

Nilidhani tutarudi tulikopita. Lakini baba watoto alikuwa amekwisha kumpigia dada yake aliyeko Songea na kumwambia tunapitia Masasi na Tunduru, kesho kutwa tuko kwake, atutengenezee kuku. Zaidi ya kilomita mia sita, kwa hamsini. Nilimtumia wifi yangu ujumbe wa siri kwamba kuku asimchinje kwanza.