Mafunjo Yaliishia Wapi

Miezi kadhaa baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, nilikuwa Bukoba nikimsaidia mtaalamu kupima na kuchora kwenye ramani jinsi ardhi ya mji inavyotikisika. Tetemeko lile la ukubwa wa 5.9 lilipiga Jumamosi alasiri, likabomoa maelfu ya nyumba Kagera. Watu waliniambia ni bahati tu: yangu imeanguka, ya mtaa wa pili imesimama. Jibu hilo lilinikera, kwa sababu anayeamini bahati hujenga vilevile palepale.

Siku ninayoikumbuka tuliteremka bondeni, upande wa mto Kanoni. Unachimba kishimo, unasawazisha kifaa cha kupimia mitikisiko kwa pimamaji, unakielekeza kaskazini, kisha unakiacha nusu saa kisikilize. Hakihitaji tetemeko. Ardhi haitulii, mawimbi ya ziwa na magari huitikisa bila sisi kuhisi. Ukilinganisha mtikisiko wa kando na ule wa juu-chini, udongo laini uliolalia mwamba hujionyesha kwenye mchoro kwa kilele. Asubuhi, kilimani kwenye mawe ya mchanga, mchoro ulikuwa tambarare. Bondeni kilele kilisimama karibu na mitikisiko 10 kwa sekunde.

Namba hiyo ilinishtua. Udongo laini wa unene wa mita 5 tu, ambamo wimbi la mtikisiko hupita mita 200 kwa sekunde, hutikisika hivyo, na nyumba fupi ya matofali nayo hutikisika karibu hivyohivyo. Vikikutana, vinazidishana. Mexico City, katika tetemeko la mwaka 1985, matope mazito ya ziwa la kale yaliyumba taratibu, kama mara moja kila sekunde 2, yakaangusha maghorofa ingawa kitovu kilikuwa huko pwani, zaidi ya kilomita 350. Huku bondeni mwenye hatari ni mwenye nyumba ya chini. (Udongo hauelezi kila kitu: shule ya sekondari ya Ihungo iko kilimani, na majengo yake ya zamani yaliharibika vibaya.)

Bibi mwenye kiwanja alikuwa akiwazuia watoto wasikikaribie kifaa. Akauliza tunatafuta nini. Nilipomweleza, alisema, "Nilipoolewa hapa palikuwa mafunjo matupu. Baba mkwe ndiye aliyejaza kifusi."

Nikamwomba atuonyeshe mafunjo yaliishia wapi. Alitupeleka hadi kwenye mparachichi wa jirani. Tukapima upande wa pili wa mti, na kilele kikawa hakipo. Tangu hapo tulianza kwa wazee kabla ya kuchagua pa kupima, na mistari mingi ya ramani ile ilitoka vinywani mwao.

"Sasa mjukuu wangu, nihame?"

Ukuta wake mpya ulikuwa umefika usawa wa madirisha. Nikamwambia hapana bibi, ila fundi asipandishe zaidi bila nguzo za nondo kwenye kona, na linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, izunguke nyumba nzima, isikatike popote.

"Niandikie. Fundi anakuja Jumatatu, na mimi hatanisikiliza."

Nikachana ukurasa wa daftari la vipimo, nikamchorea kona, nondo na linta, nikaweka na namba yangu ya simu ili fundi akibisha anipigie mimi.