Bomba la mama wa juu

Jana binti yangu alitoa barua kwenye kisanduku cha chini, akaisoma hukohuko ngazini. Kanji zake, yaani herufi za Kijapani, siku hizi zimenipita mbali.

"Baba, wanataka kupandisha kodi. Si ulisema nyumba ni yetu?"

Ni yetu. Kinachotaka kupanda ni shuzen tsumitatekin, mfuko wa ukarabati mkubwa ambao kila mwenye fleti huuchangia kila mwezi, mbali na ada ya usimamizi. Nilimweleza hivyo, lakini mawazo yalisharudi bafuni humuhumu, mwaka 2017, nimeshikilia ngazi ya mtu.

Mji wa Kitakyushu, Japani, upande wa Yahata mlimani. Jengo la 1978, ghorofa ya nne kwa hesabu ya Kijapani, yaani ya tatu kwa hesabu ya nyumbani, lifti hakuna. Yeni milioni 3.8. Habari za tetemeko tulizijua: mpaka kati ya kanuni za zamani na mpya za kujenga kwa kuhimili tetemeko ni tarehe 1 Juni 1981, na kinachohesabiwa ni kibali cha ujenzi, si siku jengo lilipokamilika. Jengo lililokamilika 1982 linaweza kabisa kuwa la kanuni za zamani. Letu halikuwa na ubishi: la zamani. Kilichonivutia ni ule mchango: yeni 3,900 tu kwa mwezi. Nikajiona nimeokota.

Fundi bomba niliyempeleka kuikagua kabla ya kununua alikuwa mzee. Karatasi mpya za ukutani hakuzitazama. Alikwenda bafuni moja kwa moja, akakunjua ngazi, akasukuma kifuniko cha dari, akazama kichwa na mabega. Mimi nikabaki na kiuno chake na mwanga wa tochi. Fleti nyingi za umri ule, bomba la maji machafu la jirani wa juu hutoboa zege na kupita juu ya dari ya wa chini. Mara huko juu mtu akavuta maji ya choo. Yakapita guruguru usawa wa masikio ya mzee. Hakutikisika. Akagonga bomba kwa mpini wa bisibisi: ting, ting, kisha du.

"Panda uone."

Bomba la chuma. Kwenye kiungo kutu ilikuwa imeota vinundu, na chini yake, juu ya ubao wa dari, palikuwa na doa kama sahani, pete ndani ya pete. Lilivuja, likakauka, likavuja tena.

"Hili si lako," mzee akasema. "Wala si la mama wa juu."

Kweli. Machi 2000 Mahakama ya Juu ya Japani iliamua, katika kesi ya bomba la aina hiyohiyo, kwamba ni mali ya pamoja, kwa kuwa wa juu hawezi kulikagua bila kuingia kwa wa chini. Basi kulitengeneza ni juu ya chama cha wamiliki, na chama hulipa kutoka mfuko uleule wa 3,900.

Nikamwomba dalali mihtasari ya mikutano ya miaka mitatu, mpango wa ukarabati, na taarifa ya madeni ya muuzaji, maana michango asiyolipa humwangukia mnunuzi. Deni halikuwepo. Ila kubadilisha mabomba kulikuwa kumeahirishwa mara mbili, pesa hazitoshi. Na kila pendekezo la kupandisha mchango, wazee wa pensheni walilikataa kwa kura.

Tukapunguziwa yeni 200,000. Nikapiga muhuri kwenye mkataba.

Niwe mkweli: miaka michache baadaye pendekezo lilirudi, na mimi pia nikanyoosha mkono kulikataa. Mwaka ule gari lilikuwa limetumaliza. Wazee wakaniinamishia vichwa kwa heshima.

Sasa wanataka 9,800. Mkutano ni Jumapili. Usiku, binti alipolala, nilipanda na tochi ya simu. Doa lina pete tano. Mwaka 2017 sikuzihesabu.