Siku tuliyobishana juu ya "more productive"

Nikiwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, mwalimu wetu wa historia ya fikra za uchumi aliingia darasani na kitabu cha mwaka 1776 cha Adam Smith, mwanauchumi wa Uskoti, akaandika ubaoni maneno mawili ya Kiingereza: "more productive", yaani yenye kuzalisha zaidi. Asili ya "productive" ni Kilatini, akasema: pro ni mbele, ducere ni kuongoza. Kukitoa kitu kikaja mbele za watu.

Akatupeleka Ufaransa, kwa François Quesnay, daktari wa Mfalme Louis XV. Yeye na wenzake walishikilia kuwa kilimo pekee ndicho kinachozalisha. Mafundi na wafanyabiashara waliitwa nao tabaka tasa. Smith akakataa, akatoa mfano wa ndoa. Ndoa yenye watoto wawili, wa kushika nafasi ya baba na mama, haiitwi tasa; yenye watatu ndiyo imezaa zaidi. Basi kazi ya mkulima ni "more productive" kuliko ya fundi, ila fundi naye si tasa. Nilifurahi mno, maana neno hilo la kulinganisha lilimwondolea fundi aibu.

Kisha mwalimu akafungua sura nyingine. Humo mtumishi wa nyumbani amewekwa kwenye kazi zisizozalisha, pamoja na wafalme, wanajeshi, makasisi na wanamuziki, kwa kuwa kazi yao hupotea papo hapo inapofanyika.

Mama yangu alikuwa akifanya kazi za ndani Oysterbay tangu sijaanza shule. Namjua kwa vidole vilivyopauka kwa sabuni ya mche na kucha zilizoshika manjano ya binzari. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, fundi amepimwa kwa zaidi na pungufu. Mbona mpishi hakupimwa hivyo?"

Akavua miwani. Akasema Smith aliandika wazi kwamba kazi ya mtumishi ina thamani na inastahili ujira wake. Alichotafuta ni kitu kinachobaki, cha kuwekwa na kuuzwa baadaye. "Hata sisi wasomi ametuweka humo humo," akaongeza.

Sikuridhika. Nikamwambia bosi wa mama hutoka asubuhi ameshakunywa chai, shati limenyooshwa, watoto wameshapanda basi la shule. Mshahara wa bosi huyo una jasho la mama ndani yake. Darasa likagawanyika, wengine wakanipinga kwa nguvu, hadi wa kipindi kilichofuata wakaanza kubisha mlango. Mwalimu akaniambia niyaandike hayo hayo kwenye insha ya mwisho wa muhula, nami nikayaandika.