Nilivyopata muhogo wangu kwa kupanda mbegu za matunda yake

Mashamba mengi ya muhogo Muheza yako kama langu lilivyokuwa: pingili nilizopewa na shemeji, nikazikata, nikafukia, mwaka uliofuata nikakata tena. Shamba zima likawa mmea mmoja uliojirudia, kwa sababu seli za pingili hugawanyika kwa mitosisi, mgawanyiko unaotoa nakala, na kila seli hupokea kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) zilezile 36. Muhogo mtamu unabaki mtamu, hilo siwezi kulibeza. Ila batobato, ugonjwa wa virusi unaokunja majani, ilipoingia hapakuwa na shina la kuliambia lenzake lisogee, yote yalijikunja majani. Virusi vyenyewe husafiri ndani ya pingili, kwa hiyo kila nikipanda upya naviendeleza kwa mkono wangu.

Nikaamua kupandisha, yaani kuchanganya muhogo mmoja na mwingine kwa maua. Kwenye kichala cha maua ya muhogo, majike hukaa chini na hufunguka kwanza. Madume ya juu hufuata wiki moja au mbili baadaye. Nilifunika majike kwa kitambaa chepesi kabla hayajafunguka. Yalipofunguka nikachukua chavua ya Kiroba, aina nyingine ya muhogo, ya jirani, nikaipaka, nikafunika tena. Kitambaa usikivue haraka: tunda likikauka hupasuka na kurusha mbegu, na mbegu ya muhogo ikishaanguka majanini, sahau.

Kila tunda kwa kawaida lina mbegu tatu. Za tunda moja nilizipanda mstari mmoja makusudi. Wa kwanza ukatoa vikonyo vyekundu, wa pili vya kijani na majani membamba, wa tatu ukashikwa na batobato ukiwa bado mdogo. Baba mmoja, mama mmoja, tunda moja!

Hiyo ni kazi ya meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotengeneza seli za uzazi. Kabla ya yai au chavua kutengenezwa, kromosomu hukaa jozi jozi, hubadilishana vipande, kisha jozi huachana na gameti, yaani seli ya uzazi, hubaki na 18. Kwa kuachana kwa jozi peke yake, mzazi mmoja anaweza kutoa michanganyiko 262,144, bado hujahesabu vile vipande vilivyobadilishana, na bado hujaukutanisha na upande wa pili.

Wala si ugunduzi wangu. Huku huku kwetu, kituo cha utafiti cha Amani, watafiti Storey na Nichols walianza miaka ya 1930 kupandisha muhogo na mpira wa Ceara, mti ulio ndugu wa muhogo, wakarudisha watoto kwa muhogo kizazi baada ya kizazi ili mizizi iwe ya kuliwa na ukinzani wa magonjwa ubaki.

Mimi niling'oa kila mche uliojikunja. Iliyobaki niliikatia mizizi vipande kutafuta michirizi ya kahawia, dalili ya ugonjwa mwingine wa virusi, kwani majani yanaweza kupendeza huku mzizi umeoza ndani. Usionje mbichi kuchagua: mtoto wa mihogo mitamu anaweza kuwa mchungu kabisa, na uchungu wa muhogo ni sumu.

Nilioubakiza nauzidisha kwa pingili, kando ya ule wa zamani, ili inzi weupe, wanaoeneza virusi, waujaribu vizuri. Umesimama wima, hauna matawi, na muhogo hutoa maua pale unapotawia. Kwa hiyo pingili zake ninazo tele, lakini kuupandisha na mwingine, mpaka leo sijapata hata ua moja.