Mpira wa 7 umenyooka! (pelota ya mkono, mchezo wa Kibasko wa kupiga mpira ukutani kwa mkono mtupu, kumbukumbu ya mradi wangu wa kutengeneza mipira)

Jamani umenyooka. Leo asubuhi kabla ya kazi nimepitia frontoni, ule uwanja wenye ukuta wa kuchezea, hapa kijijini, huku Gipuzkoa, Hispania, nikaupiga ukutani mara 30 na hakuna hata mara moja uliokata kona. Mlionifuata tangu mpira wa kwanza mnajua nimeteseka miezi minne na kitu hicho hicho, mpira unagonga ukuta vizuri kabisa, ukidunda chini tu unachepuka, mara kushoto mara kulia, haueleweki. Ukicheza na pala, yaani kibao cha kupigia, utavumilia, ila mkono mtupu hapana, kitu kigumu cha gramu 100 na ushee kikikupata kwenye mzizi wa kidole badala ya kiganja siku hiyo unalala na barafu.

Nilishikilia kwamba kosa ni ngozi. Ngozi ya mbuzi, vipande viwili vya umbo la namba 8, unailoweka, unaivuta, unashona, ikikauka inabana, na mimi nikaona mshono ndo umebenuka. Basi mpira wa 3, wa 4 na wa 5 kazi yangu ikawa mshono tu. Nikabadilisha uzi, nikaupaka nta, nikanunua msharasi mwembamba zaidi (kwa hili sibishani na mtu, msharasi mnene unaua ngozi, tundu linabaki wazi hata uvute vipi). Mpira wa 5 mshono ulilala mpaka ukipitisha kidole huusikii, na bado ukachepuka!! Nilikasirika sana siku ile.

Wa 6 nikaupasua na kisu juu ya meza ya jikoni. Kiini cha raba kimekaa pembeni kabisa, upande mmoja sufu ina unene wa kidole gumba na upande wa pili haifiki hata kidole cha mwisho. Miezi yote ile nashona ngozi kumbe ugonjwa uko moyoni.

Na sababu naijua tangu mtoto, hiyo ndo iliyoniuma zaidi. Tanga tulikua tunatengeneza mipira ya chandimu, mifuko ya nailoni ndani, kamba ya katani juu, na kaka yangu alikua ananipiga konzi nikizungusha kamba zaidi ya mara mbili bila kugeuza mpira. Zungusha mbili, geuza. Zungusha mbili, geuza. Huku nikawa nafuata video ya mtu anayetumia mashine, nazungusha uzi mara 20 upande mmoja ndo nageuza, kiini kinasukumwa kidogo kidogo mpaka kinahama.

Kwa hiyo wa 7 nimeuzungusha kwa mkono mwanzo mwisho kama wa kamba ya katani. Raba kwanza, ivutwe haswa, kisha sufu, kisha uzi wa pamba. Kila nikiongeza gramu 10 nauviringisha taratibu kwenye kioo cha meza, ukisimama mara tatu upande ule ule ujue huko chini ndo kuzito, unaongeza uzi upande wa pili. Na mizani ya jikoni achaneni nayo, inaruka gramu nzima nzima, tafuta ile ndogo ya kupimia dhahabu. Umeishia gramu 104, na wachezaji wa kulipwa wa mkono wanapigia mipira ya kama 105 hivi, nimefurahi mno.

Mzee jirani yangu, ambaye amecheza miaka mingi, aliushika, akaudundisha mara mbili huku ameinamisha sikio, akaniambia, "Huu umechangamka." Hapo ndo nikaelewa kwa nini wachezaji wakubwa huwa wanachagua mipira siku kadhaa kabla ya mechi, mmoja anataka uliochangamka, yaani unaodunda sana, mwenzake anataka uliopoa, na pointi 22 za kushinda mechi ni nyingi sana kuzitafuta na mpira usioupenda.

Nilikua nimeahidi safari hii niandike kuhusu sponji na plasta za kukinga kiganja na mazoezi ya mkono wa kushoto. Itasubiri. Watoto wa hapa wanacheza na mpira wa tenisi uliokufa, hauruki, kila mara unagonga chini ya ile bati ya ukutani iliyo kimo cha mita 1 wanapoteza pointi, na mimi sasa nataka niwatengenezee mdogo, mwepesi, wenye ngozi ya kweli. Nimeshaanza jana usiku, umefika gramu 22. Nimeuviringisha kwenye kioo mara tatu na mara zote umesimama upande tofauti.