Mashine iliyokosa pumzi: siku moja kibandani kwangu, Tororo

Saa 12:30 asubuhi. Nimefungua kibanda mapema kwa sababu usiku kucha mvua imenyesha, na mvua ikinyesha huku Tororo, mashariki mwa Uganda, majani hayamsubiri mtu. Mimi ni fundi wa injini ndogo: misumeno ya miti, pampu za maji, na hasa mashine za kufyekea majani, zile za kuning'iniza begani zinazokata kwa uzi wa nailoni. Mwamba wetu mkubwa wa Tororo umefunikwa na ukungu, kinaonekana kilele tu. Malori ya mpakani Malaba yameshaanza kunguruma barabarani.

Saa 2 asubuhi. Kijana anashuka kwenye boda boda, mashine kaipakata kama mtoto mgonjwa.

"Fundi, habari za asubuhi."

"Nzuri, mdogo wangu. Inasumbua nini?"

"Inawaka vizuri, fundi. Lakini nikiiingiza kwenye majani, dakika kumi tu nguvu zimekwisha. Navuta mafuta mpaka mwisho, inalia buuu, uzi hauendi."

Amepata kazi ya kufyeka uwanja wa shule. Wazazi wanakuja kutembelea watoto Jumamosi, na leo ni Alhamisi. Fundi mmoja ameshamwambia anunue kabureta mpya, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Hapo ndipo ninapoumia. Kabureta inasingiziwa sana. Injini ikichoka kidogo tu, watu wanaikimbilia hiyo na bisibisi, wakati injini nayo ni kama mtu: kabla ya kumpa dawa, tazama kwanza kama anapumua.

Kwa hiyo nikamuuliza maswali. Inaanza kuchoka ikiwa baridi au ikishapata moto? Ikishapata moto. Ukilegeza kifuniko cha tangi inapata nafuu? Hajawahi kujaribu. Oili unapimaje? Akanyamaza kidogo. "Namimina tu, fundi, mpaka petroli iwe na rangi ya chai."

Oili gani? Ya gari.

Saa 2:30. Naanza na vitu vya bure. Kichwa cha uzi kimesongwa na majani yaliyojiviringisha kwenye ekseli, nayakata kwa kisu. Kichujio cha hewa, kile kisponji, kina vumbi kidogo, nakiosha kwa maji ya sabuni na kukianika. Kifuniko cha tangi nakilegeza huku injini ikifanya kazi. Tundu lake la kupumulia likiziba, hewa haiingii kujaza nafasi ya petroli inayotumika, mpaka petroli inakataa kutoka, na ukilegeza utasikia fyuu, kisha mashine inafufuka. Hapa hakuna fyuu wala ufufuo. Kichujio cha petroli nakivuta kutoka ndani ya tangi kwa waya niliokunja ncha kama ndoano: kisafi.

Kisha nikafungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Nyeusi tii, imelowa, ncha imevaa masizi ya mafuta. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia, kama udongo mkavu. Nikamwonyesha kijana ile plagi kwenye kiganja changu, tukaitazama wote wawili bila kusema neno.

Saa 4 nilikatizwa na pampu moja na msumeno mmoja. Kazi za kawaida, kamba ya kuwashia na mnyororo butu.

Saa 5. Sasa ekzosi. Spana mbili, boliti mbili, ikatoka. Ndani kuna kiwavu cha chuma cha kuzuia cheche zisiruke na kuchoma nyasi kavu. Kiwavu hicho kinapaswa kuonyesha mwanga ukikielekeza juani. Nikakielekeza juani. Giza. Kimezibwa na masizi magumu kama ukoko wa posho, yaani ugali, chini ya sufuria. Nikachungulia tundu la ekzosi kwenye silinda: nusu nzima imeziba.

Huo ndio ugonjwa wenyewe. Injini hii ni ya mipigo miwili. Haina vali wala oili yake ya chini kama ya gari, inalainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli, na oili hiyo huungua humo humo. Ukizidisha, au ukitia ya gari ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya kuungua, inaacha mabaki. Moshi ukikosa njia ya kutoka, hewa mpya haipati nafasi ya kuingia. Bila mzigo injini inajikaza, ukiipa majani inazimia.

Kiwavu nilikipeleka kwa mama jirani anayepika chakula, akanikubalia nikiweke kwenye makaa ya sigiri yake. Kikawa chekundu, masizi yakageuka majivu, nikapiga brashi. Tundu la ekzosi lataka upole. Nilivuta kamba taratibu mpaka ubavu wa pistoni ukaziba tundu, ili uchafu usiangukie ndani, kisha nikakwangua kwa kijiti cha mwanzi nilichokichonga. Bisibisi siitumii hapo kamwe, itaacha mkwaruzo kwenye pistoni. Nikapuliza kwa pampu. Pistoni inang'aa, haina michirizi. Nilifurahi kwa ajili ya kijana huyu.

Saa 7. Posho na maharage.

Saa 8 mchana. Plagi mpya, petroli mpya yenye oili sahihi, tukawasha. Ikapiga kelele kali, nyembamba. Kijana akatabasamu, mimi nikazima haraka. Nilipomuuliza, alisema kweli: yule fundi wa kwanza alikaza skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima petroli injini ikienda kasi, ili kupunguza moshi. Yaani petroli imebanwa. Mashine ilipokuwa imeziba haikuonekana, ila sasa imefunguka, na kwa kuwa kilainishi kinakuja ndani ya petroli, kubana petroli ni kubana oili. Ingefyeka uwanja nusu, kisha pistoni ingekwama.

Nikafungua H kidogo kidogo. Ninachotafuta ni mlio: mafuta yakivutwa mpaka mwisho bila mzigo, injini itetemeke kidogo, kama yenye kigugumizi, halafu ikiingia kwenye majani sauti inyooke. Wateja kutoka Kapchorwa huniletea mashine zilizorekebishwa kule juu mlimani penye hewa nyepesi, na zikifika huku chini nazo hulia wembamba huo huo.

Tukaenda nyuma ya kibanda, penye majani yanayofika magotini. Dakika kumi. Ishirini. Robo tatu ya saa, mpaka tangi likakauka, na uzi haukulegea hata mara moja.

Saa 11 jioni. Kabla hajaondoka nimempa bomba la sindano la mililita 20, jipya, la duka la dawa. Mashine yake imeandikwa 50 kwa 1 kwenye tangi, yaani sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Bomba moja kwa kila lita ya petroli. Dumu lake ni la lita tano, kwa hiyo mabomba matano, ya oili ya mipigo miwili. Akalishika, akavuta mpini, akausukuma, akauliza kama anaweza kuchora alama kwenye dumu kwa msumari asije akasahau. Nikampa msumari. Alichora mistari mitano mirefu kwenye ubavu wa dumu, akaifuta vumbi kwa kidole gumba, akapanda boda boda.