Surua katika Nyumba ya Bibi

Mwaka 1983 nyumba ya bibi yangu pale Ngamiani, Tanga, ilijaa wageni wa harusi ya mjomba, na miongoni mwao alikuwemo binamu yangu wa miaka sita aliyeletwa kutoka Pangani akiwa na mafua, kikohozi na macho mekundu yaliyotoka machozi kila alipotazama mwanga. Wakubwa walisema ni vumbi la njiani. Usiku alilazwa pamoja nasi watoto katika chumba cha uani chenye kidirisha kimoja, tukabanana kwenye mkeka kama ilivyo desturi ya nyumba yenye shughuli. Harusi ilikuwa haijaisha vipele vilipoanza kumtoka, kwanza nyuma ya masikio, kisha usoni na kifuani, bibi alivitazama mara moja tu, akasema, “Hii surua.”

Bibi alifuata walichokijua wanawake wote wa rika lake, kwamba vipele vya surua husaidiwa vitoke, na mgonjwa akipigwa na upepo hurudi ndani vikamuua. Kidirisha kikazibwa kwa kanga kuukuu na mtoto akafunikwa blanketi. Mimi, kwa kuwa nilikwishaugua surua kabla ya kuanza shule, nilipewa kazi ya kumnywesha maji ya madafu, na wadogo zangu waliachwa waendelee kulala mle mle, maana shangazi mmoja aliona ni afadhali waugue wote kwa pamoja yaishe. Kwa kweli hata wangehamishwa siku ile ingekuwa wamechelewa: mgonjwa wa surua huanza kuambukiza takriban siku 4 kabla ya vipele kuonekana, virusi vyake huweza kubaki hewani chumbani hadi saa 2 baada ya yeye kutoka, na katika kila watu 10 wasio na kinga wanaoishi naye, 9 hivi huambukizwa.

Wageni wakaondoka, binamu akapona upesi, akawa anacheza gololi uani, na bibi akapika uji wa sadaka. Ule utulivu ulitudanganya sote, kwani surua hukaa mwilini kama siku 10 kabla ya homa kuanza. Homa ilipokuja iliwapata wadogo zangu na watoto wa shangazi karibu kwa mpigo. Muuguzi wa zahanati alimfungua mdomo mdogo wangu wa miaka miwili, akalivuta shavu kwa kidole na kunionyesha ndani yake vidoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi, wakati ngozi yake ilikuwa bado safi kabisa. Yeye ndiye aliyezidiwa kuliko wote. Midomo ilichanika, uji akaukataa, sauti ikakauka, na kila alipovuta pumzi mbavu zilibonyea ndani. Ilikuwa nimonia, akachomwa sindano za penisilini mpaka akapata nafuu.

Majirani walijiuliza kwa nini aliyeuleta ugonjwa aliugua kidogo na waliopewa wakaugua sana, wakahitimisha kwamba watoto wa Pangani wana damu nzito kwa sababu ya kula samaki. Miaka mingi baadaye nilisoma kazi ya Peter Aaby, aliyechunguza mlipuko wa surua wa mwaka 1979 mjini Bissau, nchini Guinea-Bissau. Aliona kwamba watoto walioambukizwa na mwenzao wa nyumba moja walikufa kwa wingi zaidi kuliko wale walioupata ugonjwa nje, na akalihusisha jambo hilo na wingi wa virusi anavyovuta mtoto anayelala bega kwa bega na mgonjwa. Maelezo hayo niliyaelewa bila taabu, maana joto la chumba kile nalikumbuka.

Dada yetu mchanga, aliyekuwa na miezi minne, alipumua hewa ile ile na hakupata hata kipele kimoja. Mama aliugua surua utotoni, na kinga yake ilikuwa bado mwilini mwa mtoto. Bibi alisema ni hirizi aliyomfunga shingoni. Mtoto alipotimiza miezi tisa mama alimpeleka kliniki kuchanjwa, na bibi hakupinga, ila alisisitiza kwamba aende na hirizi yake na muuguzi asiivue.